Kabla Hujakubali Kupigiwa Windows Upya

"Tukupigie Windows upya?"

Mafundi wengi wa kompyuta huanza na swali hilo, wawe Kariakoo jijini Dar es Salaam, wawe Luthuli Avenue jijini Nairobi, wawe kwenye kibanda cha stendi ya wilaya yoyote. Mashine imegoma kuwaka, mteja ana haraka, na kupiga Windows ni kazi yenye bei inayojulikana. Mteja anaitikia, "Sawa fundi, piga tu." Jioni anakabidhiwa kompyuta inayowaka bila shida na isiyo na chochote ndani. Alama za wanafunzi, picha za harusi, rasimu ya tasnifu, hesabu za madeni ya duka, vyote vimekwenda.

Asubuhi ya siku hiyo vitu hivyo vilikuwamo. Windows ilikuwa imeharibika, lakini mafaili ya mteja yalikuwa mazima kwenye diski ileile. Kilichoyaondoa ni matibabu. Data nyingi zinazopotea moja kwa moja hazipotei siku ya ajali. Hupotea saa chache baadaye, mikononi mwa watu wanaojaribu kuziokoa kwa nia njema. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala haya inahusu mambo ya kutofanya.

Faili likifutwa linakwenda wapi

Diski huhifadhi vitu viwili: mafaili yenyewe, na orodha inayosema kila faili linaitwaje na limekaa sehemu gani. Unapofuta faili, hata ukimwaga na pipa la taka, Windows kwa kawaida hailigusi faili lenyewe. Inakwenda kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni sawa na kiwanja ambacho jina la mwenyewe limefutwa kwenye daftari la ardhi: nyumba ingali imesimama, na itaendelea kusimama mpaka kiwanja kigawiwe mtu mwingine, aje abomoe na kujenga yake. Anayekuja kujenga ni faili jipya lolote litakaloandikwa mahali pale. Likishaandikwa, la zamani halipo tena, na hakuna programu wala maabara ya kulirudisha.

Fomati ya haraka hufanya jambo hilohilo kwa diski nzima: inaandaa orodha mpya tupu na kuacha sehemu kubwa iliyobaki kama ilivyokuwa. Fomati kamili ni habari nyingine. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho. Ukiambiwa diski "imeshafomatiwa", uliza ilichukua muda gani. Kama ni sekunde chache, kuna matumaini. Kama ilikaa saa mbili ikihesabu asilimia, hakuna cha kutafuta.

Kwa sababu hiyo, ukigundua tu kwamba faili halipo, acha kuitumia diski ile. Usiendelee kufanya kazi ukisema utalitafuta kesho. Kama faili lilikuwa kwenye diski C, yaani mahali Windows ilipo, zima kompyuta na utafute ushauri kwa simu. Kivinjari huhifadhi vipande vya kurasa unazofungua, Windows hujishushia masasisho kimyakimya, na kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuangukia palepale ilipokuwa tasnifu yako. Kosa ninaloliona likirudiwa kuliko yote ni mtu kupakua programu ya kuokolea data na kuisakinisha kwenye diski ileile anayotaka kuiokoa.

Huenda hayajapotea

Kabla ya kutafuta programu yoyote, angalia mahali ambapo mafaili hujificha bila kupotea.

Pipa la taka la Windows watu wengi hulikumbuka. Wanachosahau ni kwamba kitu kilichofutwa kwenye flashi hakipiti huko. Kinafutwa moja kwa moja. Lakini Google Drive na OneDrive zina mapipa yao, na kilichofutwa hukaa humo siku 30. Laptop nyingi mpya huhamishia Desktop na Documents kwenye OneDrive bila mwenyewe kuelewa alichokubali siku ya kwanza, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako kwa kutumia simu uone kama vitu vyako havijakaa huko vimetulia.

Kama umewasha kompyuta ukakuta Desktop tupu, mandhari yamebadilika na kila kitu kinaonekana kipya, usipige yowe bado. Wakati mwingine Windows hushindwa kufungua akaunti yako na kukuingiza kwenye akaunti ya muda. Fungua diski C, ingia folda ya Users, tafuta folda yenye jina lako la kawaida. Vitu vyako vitakuwa humo.

Na kama tayari umeshapigiwa Windows upya, tafuta kwenye diski C folda inayoitwa Windows.old. Fundi akisakinisha Windows mpya juu ya ya zamani bila kufomati, ile ya zamani husukumwa humo pamoja na Desktop, Documents na picha zako. Fanya haraka, maana Windows ina desturi ya kuifuta folda hiyo baada ya siku 10 hivi. Nimeona mtu akilia msiba wa mafaili ambayo yalikuwa hatua tatu tu kutoka alipokuwa anabofya.

Flashi zina ugonjwa wao ambao katika nchi zetu kila mwenye steshenari anaujua: unafungua flashi unakuta ikoni moja ya njia ya mkato, au unakuta haina kitu ilhali kompyuta inasema imejaa. Kirusi kimeficha mafaili, hakijayafuta. Usifomati. Ichomeke kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa, kisafishe kirusi kwanza, kisha fungua Command Prompt na uandike amri hii, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, ufungue flashi tena. Kama ujumbe utasema huna ruhusa kwa folda moja au mbili za mfumo, usijali.

Faili la Word ambalo umeme ulikatika kabla hujalihifadhi hutafutwa ndani ya Word yenyewe: nenda File, kisha Info, kisha Manage Document, uone kama kuna rasimu ambazo hazikuhifadhiwa. Halafu kumbuka ulikowahi kutuma faili hilo. Nakala ya mwisho ya barua nyingi za ofisini imo kwenye barua pepe zilizotumwa, au kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara, imekaa kati ya salamu za Ijumaa na tangazo la msiba.

Ugonjwa uko wapi: kwenye orodha au kwenye chuma?

Kama kote huko hakuna kitu, swali linalofuata ndilo linaloamua kila kitu. Diski yenyewe ni nzima, ila orodha imevurugika au faili limefutwa? Au diski imeumia kimwili? Dawa ya ugonjwa wa kwanza huua mgonjwa wa aina ya pili.

Diski ya sumaku, ile ya kizamani ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi za mezani na karibu diski zote kubwa za nje, ina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa, kwa mwanya wa nanomita chache tu. Milimita moja ina nanomita milioni 1. Ukiiangusha diski ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kutua juu ya sahani na kuikwangua, na kila dakika unayoendelea kuiwasha kinazidi kukwangua. Unga unaotoka hapo ndio data zako.

Kwa hiyo sikiliza. Iweke mezani, zima redio, iwashe mara moja tu. Diski nzima huanza na mvumo unaopanda taratibu kisha ukatulia. Ukisikia tak, tak, tak, kwa vipindi vinavyolingana, halafu mvumo unazimika na kuanza upya, vichwa haviwezi kusoma. Ukisikia mkwaruzo, au mlio mwembamba kama wa mota inayojaribu kuzunguka ikashindwa, chomoa hapohapo. Hapo hakuna programu itakayosaidia, na anayekwambia ujaribu programu fulani "kwanza tuone" anakuharibia.

Kuna tahadhari moja kwa diski za nje. Mlio wa tak tak unaweza pia kuwa njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski iliyochomekwa kupitia kigawanyio cha bei rahisi huenda haipati hata hizo. Kabla ya kuihukumu, badilisha waya, maana zile waya bapa za diski za nje hulegea mapema, kisha uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani upande wa nyuma. Ikinyamaza na kusomeka, umepona kwa bei ya waya.

Diski isiyopiga kelele huenda ni mgonjwa pia. Dalili zake ni kufungua folda moja kwa dakika tano, au kompyuta kuganda kila unapogusa faili fulani. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake na kukuonyesha rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Tazama mistari yenye namba 05, C5 na C6. Wa 05 huhesabu sehemu zilizoharibika ambazo diski imeshazibadilisha kwa za akiba. C5 huhesabu zile ambazo inashindwa kuzisoma sasa hivi. Thamani ghafi ikiwa sifuri zote, mara nyingi chuma ni kizima. Ikiwa C5 ina namba na inaongezeka kila ukiwasha, diski inakufa. Mstari wa C7 mara nyingi hulaumu waya, si diski.

Diski inayokufa hunakiliwa kwanza

Watu wengi wakipewa diski inayokufa huanza kuichunguza: wanapitisha programu ya kutafuta mafaili, inakaa siku nzima ikisoma, na diski inakata roho ikiwa imefika asilimia 40. Au wanaacha Windows ifanye chkdsk. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu chkdsk ilitengenezwa kunyoosha orodha, haikutengenezwa kuokoa mafaili. Ikikuta jina lisiloeleweka inaliondoa, na unaishia na folda ya FOUND.000 yenye vipande visivyo na majina. Kompyuta ikijianzishia yenyewe ukaguzi wa diski wakati inawaka, ukatishe.

Kanuni ya wanaofanya kazi hii kila siku ni moja: nakili diski nzima, yote kwa yote pamoja na nafasi zinazoonekana tupu, kwenye diski nyingine iliyo nzima. Kisha mgonjwa mweke pembeni, uhangaike na nakala. Chombo kinachoaminika kwa kazi hiyo ni GNU ddrescue, cha bure, kilichoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Kinapatikana ndani ya SystemRescue, mfumo mdogo wa Linux unaowekwa kwenye flashi na kuiwasha kompyuta bila kugusa Windows. Uzuri wake ni kwamba hakibishani na sehemu mbovu. Kikikwama kinaruka, kinachukua kwanza sehemu zote nyepesi, kinaandika kwenye faili la ramani kilipofika, halafu kinarudi kwenye zile ngumu. Umeme ukikatika, na utakatika, unaendelea ulipoishia.

Amri ya mzunguko wa kwanza huwa hivi:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nje/mgonjwa.img /mnt/nje/mgonjwa.map

Hapo sdb ni diski mgonjwa, na /mnt/nje ni diski nzima yenye nafasi kubwa kuliko yake. Ukimaliza, rudia ukiweka -r3 mahali pa -n ili irudie sehemu ngumu mara tatu. Kabla ya kubonyeza Enter andika lsblk na ulinganishe ukubwa wa diski, uhakikishe sdb ndiyo ile. Kinachotangulia ni chanzo, kinachofuata ni mapokezi. Kama hujawahi kutumia Linux, mtafute mtu aliyewahi. Kama data ni za thamani kubwa na C5 inapanda, hata huyo asijaribu.

Kuna tiba za mitaani ambazo lazima zitajwe kwa sababu bado zinazunguka. Kuweka diski kwenye friza hugandisha unyevu, na ukiitoa kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam matone hutengenezwa juu ya sahani. Kuifungua kifuniko "tuangalie tu" huingiza vumbi ambalo ni kubwa mara nyingi kuliko mwanya wa kichwa. Maabara hufungua diski ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa. Kubadilisha bodi ya kijani ya chini kwa kuitoa kwenye diski inayofanana kuliwahi kusaidia zamani, lakini diski za miaka hii zina chipu yenye vipimo vya diski ile moja peke yake, na bodi ngeni isiyohamishiwa chipu hiyo huishia kupiga tak tak.

Diski iliyolowa kwa mafuriko au chai, usiiwashe ili "kuona kama inafanya kazi", na usiianike juani. Maji yakikauka huacha chumvi na tope juu ya sahani. Kampuni za uokoaji hushauri iwekwe ikiwa bado na unyevu ndani ya mfuko uliofungwa, ipelekwe hivyohivyo.

Na usikate tamaa kwa sura ya nje. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba walifariki. Miezi kadhaa baadaye ikaokotwa diski ya Seagate ya megabaiti 400 iliyokuwa na matokeo ya jaribio la kisayansi juu ya gesi ya zenoni. Ilikuwa imeungua na kuyeyuka sehemu. Maabara ya Kroll Ontrack huko Minnesota ilizisafisha sahani, ikazihamishia kwenye diski nyingine, na kuzipata takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Bahati kubwa ilikuwa kwamba kompyuta ile ilitumia DOS, mfumo ambao haukuwa na tabia ya kutawanya data kila kona, kwa hiyo sehemu zilizochimbika hazikuwa na kitu.

Chuma kikiwa kizima

Hapa ndipo programu zinapofaa. Dalili ya kawaida ni Windows kukuletea ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla haijatumika. Bonyeza Cancel. Orodha imeumia, pengine kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuandika au mtu alichomoa bila kuaga.

Itoe diski, iunge kwa kasha la USB kwenye kompyuta nyingine. Ya laptop huhitaji kasha tu. Ya kompyuta ya mezani huhitaji na adapta yake ya volti 12. Kuna baadhi ya diski za nje ambazo hazitoki, USB yao imechomewa kwenye bodi na data zimefungwa kwa msimbo wa bodi hiyohiyo, kwa hiyo usilivunje kasha kabla hujaulizia. Wakati mwingine diski ikishaunganishwa mafaili yanafunguka papo hapo, maana iliyokuwa imekufa ni Windows peke yake. Ukiambiwa huna ruhusa ya kuingia folda ya Users, bonyeza Continue na usubiri.

Ikigoma, tumia TestDisk. Ni ya bure, iliandikwa na Christophe Grenier, na huhitaji kuisakinisha, inaendeshwa kutoka kwenye flashi. Skrini yake ni nyeusi yenye maandishi meupe, inatisha kidogo, lakini inaweza kutafuta partisheni iliyopotea, kurudisha sekta ya mwanzo ya NTFS, mfumo wa orodha wa Windows, kutokana na nakala iliyohifadhiwa mwishoni mwa partisheni, na kukuonyesha mafaili uyanakili kabla haijaandika chochote. Anza na kunakili. Kuandika kuwe mwisho.

Ndugu yake, PhotoRec, hutumika orodha ikiwa imekufa kabisa. Yenyewe haijali majina. Inapita diski sekta kwa sekta ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na herufi %PDF, na faili la docx huanza na PK kwa sababu ndani yake ni kifurushi cha zip. Ikikuta alama hukata kipande na kukihifadhi. Matokeo ni folda za recup_dir zenye maelfu ya mafaili yanayoitwa f0284736.jpg na wenzake, picha za familia zikiwa zimechanganyika na nembo za tovuti ulizotembelea miaka mitatu iliyopita. Panga kwa ukubwa kwanza. Picha za kamera zitakusanyika juu, takataka zitashuka chini. Mafaili makubwa yaliyokuwa yametawanyika, hasa video, mengi yatatoka yamekatika.

Kwa faili moja lililofutwa jana, programu ya Recuva inatosha. Microsoft nayo ina Windows File Recovery, ya bure, inayofanya kazi kuanzia Windows 10 toleo la 2004, na inaendeshwa kwa amri:

winfr C: E: /regular /n \Users\Asha\Documents\*.docx

Herufi ya kwanza ni panapotafutwa, ya pili ni panapowekwa, na mbili hizo haziruhusiwi kuwa diski moja. Hilo ni sharti la kila programu ya aina hii: unachokiokoa kiweke kwingine. Na usitafute programu ya kulipia iliyovunjwa leseni. Virusi vya kudai fidia vya jamii ya STOP/Djvu vimeenea kupitia programu kama hizo hasa.

Ukishakumbwa na virusi vya aina hiyo, ukakuta mafaili yote yameongezewa mkia wa ajabu na barua ya kudai fedha, hayo hayapo kwenye somo la kuokoa. Yamefungwa kwa ufunguo. Yahifadhi kama yalivyo, kisha ingia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Usipoupata ufunguo leo, huenda ukapatikana mwakani.

SSD haisubiri

Yote niliyoeleza juu ya faili lililofutwa kuendelea kuwapo yanahusu diski ya sumaku, na kwa kiasi flashi na kadi za kamera. Laptop yako mpya huenda ina SSD, na humo mambo ni mengine. Tangu Windows 7, faili likifutwa kwenye SSD ya ndani mfumo huiarifu diski kwa amri iitwayo TRIM kwamba eneo lile halihitajiki tena, na diski hulisafisha kwa wakati wake, hata ukiwa umekaa tu huigusi. Mara nyingi programu ya kuokoa itakuonyesha jina la faili na ukubwa wake sahihi, ukilifungua ni sifuri tupu. Fomati ya haraka nayo hutuma TRIM kwa eneo lote. Kuzima haraka kunaweza kusaidia, ila usijenge matumaini juu yake.

Kizuizi kingine cha laptop mpya ni BitLocker. Nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa msimbo pindi unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Fundi akiitoa diski, au bodi ikibadilishwa, kompyuta itadai ufunguo wa tarakimu 48. Unapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft, na bila huo hakuna fundi duniani atakayesoma kitu. Uangalie leo, uuandike kwenye karatasi.

Ukimpelekea fundi

Mweleze ukweli: imeanguka, imelowa, imeshajaribiwa na nani kwa programu gani. Muulize swali moja la kumpima: "Fundi, utaanza kwa kufanya nini?" Akisema ataangalia afya ya diski na kuinakili kwanza, keti. Akisema ataifomati kisha atumie programu, mshukuru uondoke. Patana bei kabla, na mkubaliane kwamba malipo ni baada ya kuona orodha ya mafaili na kufungua machache mbele yako. Kuyaona majina hakutoshi.

Kumbuka pia anachoweza kukiona. Diski ya zahanati ina taarifa za wagonjwa, ya shule ina za watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa zote mbili taasisi haiondokewi na wajibu kwa kuwa mashine iko kwa fundi. Andikianeni hata ukurasa mmoja, na ukumbushe kwamba nakala aliyofanyia kazi ifutwe.

Nakala, na diski ya zamani

Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ambayo sasa ni ya kila mtu: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae mbali. Kwa wengi wetu, neno "mbali" ndilo linalosahaulika. Diski ya nje inayokaa kwenye begi moja na laptop itaondoka na mwizi mmoja. Iache nyumbani kwa dada, au ofisini ndani ya kabati. Bando likiwa tatizo, pakia mtandaoni maandishi tu, maana tasnifu nzima huwa ndogo kuliko video moja ya sherehe.

Nakala ijaribiwe. Mwaka 1998 studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza Toy Story 2 pale amri moja ya kufuta ilipoanza kuila filamu kwenye kompyuta zao. Walipokwenda kwenye nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Iliyowaokoa ni kompyuta ya Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani; alikuwa na nakala yake huko. Mara moja kwa miezi michache fungua faili kutoka kwenye nakala yako, kwenye kompyuta nyingine.

Diski iliyookolewa ikiwa na namba kwenye mstari wa C5, usiirudishe kazini hata kama inaonekana imepona. Na unapouza kompyuta yenye diski nzima, kumbuka kwamba mnunuzi naye anaweza kuwa na PhotoRec. Kwa diski ya sumaku, ondoa tiki kwenye fomati ya haraka na uache fomati kamili ikamilike, hata ikichukua usiku kucha. Kwa SSD tumia programu ya kufuta ya kampuni iliyoitengeneza. Kwa iliyokufa kabisa, ambayo haiwezi hata kufomatiwa, toboa sahani kwa drili kabla hujampa wa vyuma chakavu.